Dunia za mtandaoni: Mali yako, ufunguo wa mwingine

DESEMBA 31, 2008 kampuni ya Google ya Marekani ilifunga huduma yake iliyoitwa Lively, ambayo ilikuwa imedumu kwa takriban miezi sita tu. Lively ilikuwa mahali kwenye intaneti ambapo mtu alijenga chumba chake, akakipamba, akaweka samani na kuwakaribisha marafiki. Ilipotangaza kuifunga, kampuni hiyo iliwashauri watumiaji wapige picha na video za vyumba vyao ili wabaki na kumbukumbu ya kazi waliyoifanya. Hakukuwa na namna ya kukibeba chumba chenyewe na kwenda kukiweka kwingine.

Kwa mkulima au mwenye duka, habari hiyo inaweza kuonekana kuwa ni mchezo wa vijana wa mijini. Lakini swali lililomo ndani yake ni la kibiashara, na ni la zamani. Mtu akiwekeza nguvu na fedha zake juu ya ardhi ya mwingine, siku ya kuondoka anabeba nini?

Watu wa mwambao wa Afrika Mashariki wanalifahamu swali hilo. Visiwani Zanzibar na katika sehemu za Pwani ya Kenya, ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja na minazi iliyo juu yake ikawa ya mwingine. Mwenye minazi anavuna, na anaweza hata kuiuza au kuiweka rehani. Asichoweza ni kuing'oa na kuihamisha. Mwenye ardhi akibadili nia, kinachobaki ni kudai fidia.

Hali katika dunia za mtandaoni inafanana sana na hiyo, isipokuwa kwamba mara nyingi hata fidia haipo.

Biashara ya vitu visivyoshikika

Dunia ya mtandaoni ni sehemu iliyotengenezwa ndani ya kompyuta, ambamo kila mtu anawakilishwa na umbo lake. Umbo hilo linatembea, linazungumza na wengine, linavaa, linajenga na kununua. Inayofahamika zaidi kwa upande wa biashara ni Second Life, iliyofunguliwa Juni 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, Marekani, chini ya mwanzilishi wake, Philip Rosedale.

Second Life haikuwa mchezo wa kushindana. Kampuni ilitoa uwanja na vifaa, na karibu kila kilichojengwa juu yake kilijengwa na watumiaji wenyewe: nyumba, nguo, magari, samani, hata nywele. Vitu hivyo vinauzwa kwa fedha ya humo humo inayoitwa dola ya Linden, ambayo hubadilishwa kwa dola halisi ya Marekani. Mwaka 2013, dunia hiyo ilipotimiza miaka 10, Linden Lab ilitangaza kuwa manunuzi ya bidhaa za humo katika muongo huo yalikuwa yamefikia thamani ya dola bilioni 3.2.

Kilichowavuta wengi ni tangazo la Novemba 2003. Wakati kampuni nyingine zilidai kuwa kila kitu kilichomo ndani ya michezo yao ni mali yao, Linden Lab ilisema kuwa anayebuni kitu atabaki na hatimiliki ya ubunifu wake. Kwa mafundi wadogo huo ulikuwa mlango mpya. Mwaka 2006 Ailin Graef, mzaliwa wa China aliyekuwa akiishi Ujerumani na kutumia jina la Anshe Chung, alitangaza kuwa mali zake ndani ya Second Life zilikuwa zimefikia thamani ya dola milioni moja. Kazi yake ilikuwa sawa na ya dalali wa viwanja: alichukua maeneo makubwa, akayagawa, akayapendezesha na kuyakodisha au kuyauza kwa wengine.

Hata hivyo, Graef mwenyewe alikuwa mpangaji. Kila kisiwa ndani ya Second Life kililipiwa kwa Linden Lab kila mwezi. Novemba 2006 kampuni ilipandisha bei ya kisiwa kipya kutoka dola 1,250 hadi 1,675, na ada ya mwezi kutoka dola 195 hadi 295. Aliyeona bei hiyo ni kubwa hakuwa na njia ya kukichukua kisiwa chake na kukipeleka kwa mwenye uwanja mwingine.

Haki ya kwenye karatasi

Tofauti kati ya kumiliki na kuweza kuondoka na mali ilionekana wazi katika kesi ya Marc Bragg, mwanasheria wa jimbo la Pennsylvania. Mwaka 2006 Bragg alinunua eneo ndani ya Second Life kwa dola 300. Linden Lab ilidai kuwa aliupata mnada huo kwa njia isiyo halali na ikaifunga akaunti yake. Kufungwa kwa akaunti kulimaanisha kwamba viwanja vyake vyote, bidhaa na fedha zilizokuwamo vilibaki upande wa pili wa mlango.

Bragg alikwenda mahakamani, akisema kuwa kampuni ilikuwa imewatangazia watu hadharani kwamba watakuwa wamiliki. Kampuni ilijibu kuwa masharti aliyoyakubali wakati wa kujiunga yalimtaka apeleke malalamiko yake kwa wasuluhishi, si mahakamani. Mei 2007 Jaji Eduardo Robreno wa mahakama ya shirikisho alikataa hoja hiyo, akisema kifungu hicho cha usuluhishi kilimkandamiza mtumiaji. Oktoba mwaka huo pande mbili zilipatana na akaunti ya Bragg ikafunguliwa. Kwa kuwa kesi iliishia hapo, swali la msingi la nani hasa mwenye ile ardhi halikupata hukumu.

Fundisho la kesi hiyo ni kwamba hatimiliki na uwezo wa kuchukua mali ni vitu viwili tofauti. Fundi wa Second Life anaweza kuwa na haki zote za ubunifu wa kiti alichokichonga, lakini kiti chenyewe kimo ndani ya kompyuta za kampuni. Hata dola ya Linden, kwa mujibu wa masharti ya kampuni, si fedha iliyo mikononi mwa mtumiaji bali ni leseni tu ya kutumia huduma.

Mlango wazi, ghala limefungwa

Januari 2007 Linden Lab ilichukua hatua iliyosifiwa na wengi. Programu inayowekwa kwenye kompyuta ya mtumiaji ili aingie Second Life ilifanywa kuwa programu huria, maana yake kila mwenye ujuzi aliweza kuisoma, kuirekebisha na kuisambaza. Mwezi huo huo kikundi cha wataalamu kilianza kutengeneza OpenSimulator, programu huria inayomwezesha mtu yeyote kuendesha dunia yake mwenyewe iliyo kama Second Life, kwenye kompyuta yake.

Kilichofunguliwa na Linden Lab, hata hivyo, kilikuwa mlango wa kuingilia. Programu za kompyuta kuu, ambako ndiko mali zinakotunzwa, ziliendelea kuwa siri ya kampuni.

Tofauti hiyo ilionekana Julai 2008, wakati Linden Lab na kampuni ya IBM zilipofanya jaribio la kuwahamisha watu kutoka uwanja wa majaribio wa Second Life kwenda kwenye kompyuta ya OpenSimulator. Jaribio lilifaulu, na kwa mara ya kwanza umbo la mtu lilitoka dunia moja likaingia nyingine bila mwenyewe kujiandikisha upya. Lakini lilifika mikono mitupu. Nguo, bidhaa na kila kitu alichokuwa nacho mtu kilibaki kule alikotoka. Aliyekuwa na duka la nguo upande mmoja alifika upande wa pili akiwa hana hata shati.

Wafanyabiashara wenyewe walipinga

Ingekuwa rahisi kusema kuwa lawama yote ni ya kampuni. Ukweli ni kwamba miongoni mwa waliopinga uwazi kwa nguvu zote walikuwamo wafanyabiashara wadogo wa Second Life, na walikuwa na sababu.

Novemba 2006 ilizuka programu iliyoitwa CopyBot, iliyoweza kunakili umbo na muundo wa kitu cha mtu mwingine. Mbunifu aliyetumia wiki nzima kushona gauni aliweza kuamka asubuhi na kukuta gauni hilo hilo likiuzwa na asiyemjua. Wenye maduka wengi walifunga biashara zao kwa kugoma. Linden Lab ilijibu kuwa kuitumia programu hiyo kunakili kazi za wengine ni kuvunja masharti na kwamba atakayefanya hivyo anaweza kufukuzwa.

Hapo ndipo penye ugumu wa suala zima. Kwa kompyuta, kuhamisha kitu na kukinakili ni kazi moja. Njia inayomruhusu mwenye mali kuichukua mali yake ndiyo hiyo hiyo anayoweza kuitumia mwizi. Ukifungua ghala ili kila mwenye gunia atoke nalo, lazima pawepo mtu wa kuhakikisha kuwa gunia analotoka nalo ni lake.

Mwaka 2010 Linden Lab ilitoa utaratibu kwa watengenezaji wa programu nyingine za kuingilia Second Life. Programu hizo ziliruhusiwa kumwezesha mtumiaji kuhifadhi vitu kwenye kompyuta yake, kwa sharti kwamba yeye ndiye aliyevibuni. Utaratibu huo unamlinda mbunifu, lakini mnunuzi anabaki palepale. Nyumba iliyojengwa kwa milango ya fundi mmoja na madirisha ya fundi mwingine haiwezi kutoka nzima, hata kama mwenye nyumba alilipia kila kipande.

Masharti yanapobadilika

Agosti 2013 wafanyabiashara wa Second Life walipata mshtuko mwingine. Linden Lab ilibadili masharti yake na kujipa haki ya kutumia kazi za watumiaji kwa madhumuni yoyote yale. Aliyekataa masharti hayo hakuweza kuendelea kuingia na kufanya biashara yake.

Malalamiko yalikuwa makubwa. Kampuni ya CGTextures, iliyokuwa ikitoa picha za mbao, mawe na vitambaa ambazo wabunifu wengi walizitumia katika kazi zao, ilipiga marufuku matumizi ya picha zake ndani ya Second Life kwa sababu ya masharti hayo. Fundi mdogo alibanwa pande zote mbili, kwani hakuyaandika masharti hayo wala hakuwa na mahali pengine pa kulipeleka duka lake. Julai 2014 Linden Lab ilirekebisha kifungu hicho na kupunguza upana wake.

Wengine hawakupata hata nafasi ya kulalamika. EA-Land, iliyojulikana awali kama The Sims Online, ilifungwa Agosti 1, 2008. There.com ilifungwa Machi 2010, ingawa ilirudi mwaka 2012. AltspaceVR ya Microsoft ilifungwa Machi 2023. Si lazima kampuni iwe na nia mbaya ili mpangaji apoteze mali yake. Inatosha tu hesabu za mwenye uwanja zisikae vizuri.

Waliotunza mbegu

Pamoja na hayo, wapo waliojipanga vizuri zaidi. Mwaka 2011 Second Life ilianza kupokea vitu vilivyotengenezwa nje, kwa programu kama Blender, ambayo ni huria na haina malipo. Vitu hivyo vilipitishwa kwa aina ya faili iitwayo Collada, ambayo utaratibu wake uko wazi na si mali ya Linden Lab. Fundi anayefanya kazi kwa njia hiyo huipeleka sokoni nakala tu. Ya asili inabaki nyumbani kwake, naye anaweza kuiuza tena kwenye mchezo mwingine au kwa mtengenezaji wa filamu.

Ni sawa na mkulima anayeuza mavuno lakini akatunza mbegu. Soko likifungwa, amepoteza soko, hakupoteza kilimo.

Upande wa OpenSimulator umekwenda mbali zaidi. Humo mwenye eneo anaweza kulihifadhi lote, pamoja na majengo na miti yake, katika faili moja na kwenda kulifungua kwenye kompyuta nyingine. Tangu mwaka 2008 kumekuwapo pia mfumo wa Hypergrid, uliobuniwa na Profesa Crista Lopes wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, unaounganisha dunia za OpenSimulator zinazoendeshwa na watu tofauti ili mtu aweze kutembea kutoka moja hadi nyingine akiwa na vitu vyake.

Hata hivyo, uhuru huo una bei yake. Wanunuzi walio kwenye dunia hizo za wazi ni wachache mno wakilinganishwa na wa Second Life, na wabunifu wengi wanahofia kuibiwa kazi zao. Wengi wamebaki kwenye uwanja uliofungwa kwa sababu ndiko wateja walipo. Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kupanga meza kwenye gulio anaielewa hesabu hiyo.

Sheria inasaidia wapi

Nchi nyingi zimeanza kuliona tatizo hili. Mei 2018 Umoja wa Ulaya ulianza kutekeleza sheria yake ya kulinda data binafsi, ambayo kifungu chake cha 20 kinampa mtu haki ya kupewa data alizozitoa kwa kampuni, katika mpangilio unaosomeka na kompyuta, na kuzipeleka kwa kampuni nyingine. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo ina haki hiyo katika kifungu cha 38.

Haki hizo si ndogo, lakini zina mipaka. Zinahusu data zinazomhusu mtu, kama jina na taarifa alizojaza. Hazimlazimishi mwenye dunia ya mtandaoni kuhamisha nyumba, bidhaa au duka, wala kuwafanya wateja wamfuate muuzaji alikokwenda.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa simu. Kenya tangu mwaka 2011 na Tanzania tangu mwaka 2017, mteja anaweza kuhama mtandao wa simu bila kubadili namba. Kabla ya hapo, mfanyabiashara ambaye namba yake ilikuwa imeandikwa ukutani mwa duka na kwenye vitabu vya wateja alivumilia huduma mbaya kwa kuogopa kupotea. Aliyekuwa mateka wa namba aliachiwa kwa sababu mamlaka za mawasiliano zililazimisha kampuni zote kufuata utaratibu mmoja. Kampuni zenyewe hazikuwa na haraka ya kufanya hivyo.

Katika dunia za mtandaoni utaratibu huo mmoja haujapatikana. Juni 2022, miezi michache baada ya kampuni ya Facebook kujiita Meta na kutangaza kuwa dunia hizo ndizo mustakabali wa intaneti, iliundwa jumuiya iitwayo Metaverse Standards Forum ili kuleta viwango vya pamoja. Meta, Microsoft na Epic Games zilikuwamo. Apple na Roblox hazikuwamo wakati wa kuanzishwa. Kiwango cha pamoja ni kama kilo kwenye mizani, ambayo ni ile ile Mbeya na Mombasa. Palipo na lumbesa, anayenufaika ni mwenye gunia kubwa, na hana sababu ya kuharakisha mizani.

Cha kuuliza kabla ya kupanda

Mkulima wa Tanzania au Kenya huenda asinunue kamwe kiwanja ndani ya Second Life. Lakini anayeuza vitenge kupitia ukurasa wa mtandao wa kijamii, au anayetunza kumbukumbu za mauzo ya maziwa kwenye programu ya mnunuzi, yuko kwenye hali ile ile. Picha za bidhaa, orodha ya wateja, sifa alizopewa na walionunua na hesabu za miaka mitatu ambazo benki ingezitaka kabla ya kumpa mkopo, vyote viko kwenye ghala la mtu mwingine.

Yaliyowakuta wafanyabiashara wa Second Life yanaonyesha mambo manne ya kuuliza mapema. La kwanza, je, mtu anaweza kutoa data na kazi zake, na zikitoka zinasomeka mahali pengine? La pili, ile kazi ya asili iko wapi, kwake au kwa mwenye uwanja? La tatu, wateja wanamfahamu kwa jina na namba yake mwenyewe, au kwa jina la akaunti inayoweza kufungwa leo? La nne, masharti yakibadilika kesho, ana siku ngapi za kuondoka?

Majibu hayatakuwa mazuri mara zote, na pengine bado itabidi kubaki, kwa kuwa soko ndilo lilipo. Hilo si kosa. Wenye minazi juu ya ardhi ya wengine wamevuna kwa vizazi. Lakini mwenye busara miongoni mwao hakuacha nazi zote mtini. Alihifadhi za mbegu, akazitia kitaluni nyuma ya nyumba yake.